Pointi Peke Yake Haitoshe Kumuchagua Munganga



Neno hili lilianzia katika kalasi yetu ya mwaka wa sita Biokimia, siku ya tano moja, kozi ya mwisho mbele ya kupumzika. Mwalimu wa biolojia alifunga daftari lake na kutuuliza: «Ni nani kati yenu anataka kusoma medisini?» Sisi tuko wanafunzi 31. Mikono 23 ilipanda. Wengine waliinua mikono miwili kwa mara moja, na tulicheka. Kisha mwalimu akauliza swali la pili: «Ni nani kati yenu amekwisha kulala usiku muzima karibu na mugonjwa, akimupa maji, akimugeuza ku kitanda, akitupa uchafu wake?» Mikono mine tu. Mitatu ya wasichana na moja ya muvulana. Hakuna mutu aliyecheka tena.

Mwalimu hakuongeza neno. Alichukua chaki na kuendelea na kozi ya damu. Lakini sisi tulitoka na lile swali. Tumebishana juu yake mu enterna, ku kisima, hata njiani ya kanisa. Na kwa kuwa wakati wa mwaka wa sita kuchagua fakulte umefika, tumeona vizuri kuandika hapa mawazo yetu, kusudi na wadogo wetu wa mwaka wa tatu na wa ine wayafikiri mbele hawajafika fasi tuliyofika sisi.

Swali ni hili: munganga anachaguliwa namna gani? Na ile namna inatupatia waganga tunaowahitaji?

MULANGO ULIVYO

Katika inchi yetu mulango wa kwanza ni Exetat, mutihani wa Serikali. Kuna sehemu ya mbele, yenye disertasio ya Kifaransa, kisha kuna siku ine za mutihani wenyewe: maarifa ya jumla, sayansi, luga, na kozi za seksio. Maswali ya zile siku ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Mwenye kupata 50 kwa 100 amepata diplome. Lakini kwa medisini 50 mara nyingi haitoshe. Wanaobisha hodi ni wengi kuliko viti, basi fakulte zinaweka kiasi chao juu zaidi, ao zinafanya mutihani wao wenyewe wa kuingia.

Na mwenye kuingia, hajaingia bado. Mwaka wa kwanza ni kichungi cha pili. Wakubwa wetu waliotangulia wanatuelezea kama vile: «Mu mwaka wa kwanza batu banasimama mpaka ku madirisha juu fasi ya kukaa haiko. Mu mwaka wa pili kila mutu iko na benchi yake.» Wale waliotoka njiani wamekwisha kulipa mwaka muzima, na wengine miaka miwili.

Kuna tena mulango ingine ambao hauandikwe ku ukuta wowote: mulango wa makuta. Masomo ya medisini yanapita miaka ya fakulte zingine. Sherti kulipa masomo, nyumba, posho, vitabu, kanzu nyeupe, na safari. Mutoto wa mukulima mwenye kukaa mbali na muji anaweza kupita mulango wa pointi na kuanguka ku huu. Hii tunaisema mara moja na hatutaisahau, lakini leo tunataka kusema zaidi juu ya ule wa pointi, kwa sababu katika ule sisi wanafunzi wenyewe tuko na sehemu yetu ya kosa.

POINTI ILITUFANYIA MEMA

Tusiitukane pointi haraka. Tukumbuke kwanza ginsi mulango ulivyokuwa mbele yake.

Wakati inchi yetu ilipata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa Mukongo hata moja mwenye diplome ya munganga. Hapana kwa kuwa watoto wa Kongo walikosa akili. Ni kwa kuwa serikali ya ukoloni iliweka mwisho wa njia yao ku daraja la musaidizi wa munganga. Musaidizi alisoma miaka mingi, alitumika sana, lakini hakuitwa munganga. Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville ambayo leo ni Kinshasa, kilifunguliwa mwaka wa 1954, na waganga wake wa kwanza walimaliza mwaka wa 1961. Kwa hiyo zamani mutu hakukataliwa juu ya pointi zake. Alikataliwa juu ya ngozi yake.

Nyuma ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka wa 1971 Serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya inchi kuwa kimoja, hata kile cha Kisangani ambacho Waprotestanti walikianzisha mwaka wa 1963. Kile kimoja kilikaa mpaka 1981. Katika ile miaka kulikuwa hesabu za mikoa: kila mukoa ulikuwa na sehemu yake ya viti. Nia ilikuwa njema, kusudi mikoa yenye shule chache isiachwe nyuma. Lakini ilileta hili pia, kwamba kijana wa mukoa wenye shule nyingi aliweza kukataliwa na pointi zile zile ambazo zingemuingiza kama angezaliwa fasi ingine. Na wazee wetu wanasema kwamba kila fasi penye orodha inayotengenezwa mu biro, barua ya mukubwa inaweza kufika mbele ya pointi.

Ndiyo maana wazazi wetu wanaheshimu pointi. Pointi haijue baba yako ni nani. Haijue kabila lako, wala kanisa lako, wala kama ulikuja na viatu ao bila viatu. Mutoto wa mujane mwenye 72 anasimama mbele ya mutoto wa mukubwa mwenye 61. Huu ni wema mukubwa, na mutu anayetaka kuuondoa sherti aonyeshe kwanza kitu gani ataweka mu fasi yake. Sisi hatutaki kuuondoa.

LAKINI KUNA MAMBO POINTI HAIONE

Katika siku ine za Exetat hakuna swali hata moja lenye kuuliza kama unaweza kumugusa mutu mwenye kidonda chenye kunuka na usigeuze uso. Hakuna swali la kujua kama unaweza kumuambia mama habari ya kifo cha mutoto wake kwa upole. Hakuna swali la kujua kama utakubali kutumwa ku hospitali ya mbali, fasi pasipo umeme wala barabara, ao kama utamuacha mugonjwa ku mulango mpaka alete makuta kwanza. Mutihani haukosee kwa kutouliza hayo. Kazi yake ni kupima kozi. Kosa ni letu, tukifikiri kwamba mwenye kujua kozi amekwisha kujulikana yeye mwenyewe.

Na kuna neno ingine, ambalo tunaliandika na haya. Pointi yenyewe inaweza kuwa ya uongo. Tusingojee wakubwa waseme, maana sisi ndio tunajua. Tunajua kwamba kuna wanaotafuta majibu mu telefone usiku wa mbele ya mutihani. Tunajua michango inayokusanywa kwa siri, na kila mutu anaulizwa: «Weye umetoa yako?» Tunajua mwenye kukaa nyuma ya mwenye akili kwa mapatano ya tangu mwezi wa tatu. Tunaita hiyo musaada. Jina lake ni wizi.

Tutaeleza habari ya watu wawili waliopita katika masomo yetu. Hatutaji jina lao wala mwaka wao.

Wa kwanza alikuwa mutoto wa mukulima. Kila siku ya posho alikwenda kutumika bure ku kituo cha afya: kupima joto, kuchemsha vyombo, kuandika majina, kubeba wagonjwa. Wamama walimuita «munganga yetu mudogo». Exetat alipata 57, pointi zake mwenyewe. Fakulte aliyoomba ilitaka zaidi. Leo anauza mayunite ya telefone kandokando ya barabara, na akiona gari ya hospitali inapita anageuza kichwa.

Wa pili alipata 76. Kati ya zile 76, yeye mwenyewe hakujua ngapi zilikuwa zake. Alikubaliwa medisini, alifanya mwaka wa kwanza mara mbili, na alirudi nyumbani. Baba yake aliuza shamba. Sisi tulijua mambo ya mutihani wake, na tulinyamaza, hata tulimusifu kwa kuwa mwerevu.

Kiti ambacho wa pili alikikalia miaka miwili, hakuna mutu mwingine aliyekikalia. Hatusemi kwamba kingekuwa cha wa kwanza, Mungu anajua. Lakini kilikuwa cha mutu. Mwenye kuiba mutihani haibi karatasi ya Serikali. Anaiba kiti cha ndugu yake, na kama akifaulu kufika mwisho, ataiba mbele zaidi, juu ya kitanda cha mugonjwa ambaye hakujua neno.

Tena tusikilizane: hatusemi kwamba wenye pointi nyingi wana moyo mubaya na wenye pointi kidogo wana moyo muzuri. Hiyo ni faraja ya wavivu. Msichana anayetangulia kalasi yetu mu kemia ni moja wa wale wenye mikono mine. Tunasema tu kwamba mwalimu alihitaji maswali mawili kusudi amuone vizuri. Swali moja halikutosha.

MUNGANGA AMBAYE MULANGO HAUKUMUONA MARA MOJA

Kila mutu kati yetu anajua jina la Daktari Denis Mukwege. Lakini wachache wanajua njia aliyopita. Alizaliwa Bukavu mwaka wa 1955, mutoto wa muchungaji. Akiwa mutoto alimusindikiza baba yake kwenda kuombea mutoto mugonjwa, na alijiuliza kwa nini hakuna wa kumupa dawa nyuma ya maombi. Toka pale alitaka kuwa munganga. Mwaka wa 1974 alipata diplome yake Bukavu, na ilikuwa ya seksio yetu, Biokimia. Je, alikwenda medisini? Hapana. Alikaa kwanza miaka miwili Kinshasa mu fakulte ya politekniki, fasi wanasoma kazi ya enjeniere. Ni mwaka wa 1976 tu ndipo alianza medisini, na ilikuwa inje ya inchi, Bujumbura. Alimaliza mwaka wa 1983 na kwenda kutumika ku hospitali ya Lemera, mu milima ya Kivu ya Kusini, fasi aliona wamama wanaokufa ao kuumia mu kuzaa. Ni hilo lililomupeleka Angers, Ufaransa, kusoma magonjwa ya wanawake, na ni hilo lililomurudisha kwetu. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Kama angebaki kule politekniki, inchi ingepata enjeniere moja zaidi, labda muzuri. Na wale wamama wote wa Panzi? Tunaandika hayo kusudi wanafunzi wawili wajifunze. Yule anayekataliwa mwaka huu asiseme kwamba Mungu amefunga. Na yule anayekubaliwa asiseme kwamba mulango umemujua.

Kuna mufano ingine, wa zamani zaidi. Mwaka wa 1960 waganga wengi wa Kizungu waliondoka kwa haraka. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilisaidia kutuma wasaidizi wa munganga wa Kongo kwenda Ufaransa kumaliza masomo yao, na walirudi wakiwa waganga kamili. Watu wale walichaguliwa namna gani? Walikuwa wamekwisha kuonekana. Miaka mingi walikuwa wamesimama karibu na vitanda, na kila mutu alijua ni nani kati yao aliamka usiku na ni nani aliyelala. Kazi yao ndiyo ilikuwa ushuhuda wao.

WENGINE WANAFANYA NAMNA GANI

Hapana sisi peke yetu tunaohangaika na neno hili. Ubelgiji, inchi ambayo masomo yetu yalirithi mambo mengi kwake, iliacha kwa muda murefu mutu mwenye diplome aingie medisini, na mwaka wa kwanza ukawa kichinjio. Upande wa Flandre walianza mutihani wa kuingia mwaka wa 1997, upande wa Kifaransa mwaka wa 2017. Lakini mutihani ule wa 2017 haukubaki mu sayansi tu. Sehemu moja ni biolojia, kemia, fizikia na hesabu. Sehemu ingine inauliza namna ya kufikiri, namna ya kusema na mutu, mambo ya haki, na kujitia mu fasi ya mwenye kuteseka.

Kanada, ku chuo kikuu cha McMaster, walifikiri namna ingine mu miaka ya kwanza ya 2000. Waliona kwamba mazungumuzo moja marefu na mutu moja yanaleta upendeleo: akikupenda umepona, akikuchukia umekufa. Basi walifanya vyumba vidogo kama 10, na mwanafunzi anakaa dakika kama 8 mu kila kimoja, mbele ya mutu tofauti, na neno tofauti la kutengeneza. Pointi za wote zinaunganishwa. Moja peke yake hawezi kukuingiza wala kukutoa.

Japani, kuna chuo cha medisini cha Jichi kilichofunguliwa mwaka wa 1972. Kila jimbo la inchi linatuma wanafunzi wake wachache. Hawalipi masomo, lakini wakimaliza sherti watumike katika jimbo lao miaka 9. Na Ufilipino, mwaka wa 1976, walifungua shule ku kisiwa cha Leyte, yenye mupango kama ngazi. Kijiji chenyewe kinachagua mutoto wake. Anasoma kwanza kazi ya kuzalisha, anarudi kutumika kwao. Watu wakimushuhudia vizuri, anarudi kusoma kazi ya infirmie, tena anatumika. Mwisho anaweza kufika ku munganga. Hata mwenye kusimama katikati ya ngazi iko na kazi ya heshima, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Ndugu zetu, tufikiri juu ya ule wetu wa 57!

OMS pia, mwaka wa 2010, ilishauri inchi zichukue wanafunzi waliotoka vijijini mu shule za waganga na za wauguzi, kwa sababu hao ndio wanaelekea zaidi kwenda kutumika vijijini.

Lakini tusifikiri kwamba ngambo yote ni usafi. Mwaka wa 2018 ilijulikana kwamba chuo cha medisini kimoja cha Tokyo kilikuwa kinapunguza pointi za wasichana kwa siri, miaka na miaka, kusudi wasiingie wengi. Wasichana walifanya mutihani mumoja na wavulana, na hesabu ilipotoshwa nyuma yao. Dada zetu wa Biokimia wasome mistari hii mara mbili. Pointi ni nzuri ikiwa mukono unaoiandika ni safi.

NENO MWALIMU MOJA ALITUPINGA NALO

Tulipoeleza mawazo haya, mwalimu wetu moja alitupinga vikali, na tunamushukuru. Alisema: «Wanangu, mukitaka moyo upimwe, nani atapima? Mutoto wa muchungaji atapewa barua nzuri. Mutoto wa tajiri atapewa barua tatu. Yule asiyejulikana na mutu atabaki ku njia. Afazali pointi.»

Tulikaa kimya, maana ni kweli. Barua ya kusifu ni rahisi kuandika, na ni rahisi zaidi kuinunua. Hata mutu wa Mungu anaweza kudanganyika: Samweli, alipofika kwa Yese, alitaka kumupaka mafuta mutoto wa kwanza aliyemuona, juu ya urefu wake.

Jibu letu ni hili. Hatuombi barua za kusifu. Tunaomba daftari. Barua inasema «huyu ni muzuri». Daftari linasema: tarehe fulani, saa fulani mpaka saa fulani, alifanya hiki, aliyemuona ni fulani, na sahihi. Daftari la mwaka muzima ni vigumu kulitunga kwa usiku moja. Na watu wawili ao watatu watie sahihi, hapana moja. Pointi ibaki mulango, na iwe ya kweli. Lakini kati ya wale waliofika ku mulango na pointi za kutosha, pasipo kuangalia kwanza nani ana 71 na nani ana 70, tuangalie nani amekwisha kutumikia watu. Kati ya 71 na 70 hakuna munganga muzuri na munganga mubaya. Kuna swali moja tu, na labda lilikuwa la jografia.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa vyuo vikuu sauti yetu ni ndogo, haipite mulima huu. Tunasema tu: wauliza-maswali, muulize na swali la pili. Na muweke viti vichache kwa infirmie waliotumika miaka vijijini na wanaotaka kupanda ngazi.

Kwa masomo yetu tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita anayetaka medisini ao kazi ya infirmie atumike siku za posho kumi ku kituo cha afya mbele ya kujaza karatasi ya fakulte. Tumeongea na mukubwa wa kituo. Alicheka kwanza, kisha akasema: «Mulete batoto, lakini bajue hapa haiko kutembea. Kuko vyombo vya kuosha.» La pili, Bwana Prefe atusaidie kuweka daftari mu biro yake, na lisimamiwe na mwalimu wa biolojia pamoja na yule mukubwa wa kituo.

Kwa sisi wenyewe, mwaka wa sita, kuna neno gumu zaidi. Tunasoma habari za Gideoni. Alikuwa na watu elfu 32. Jaribio la kwanza halikuwa la nguvu wala la akili. Aliwaambia tu kwamba mwenye kuogopa arudi kwao, na elfu 22 walirudi. Hatusomi kwamba mutu aliwacheka. Walikuwa wakweli, na ukweli wao ulisaidia vita. Kisha kwa wale elfu 10 waliobaki kukawa jaribio la maji, na wakabaki 300.

Basi kati ya mikono yetu 23, mwenye kuinua mukono juu ya kanzu nyeupe, ao juu ya baba alikwisha kusema, ao juu ya wengine waliinua, ashushe pasipo haya. Inchi inahitaji walimu, inahitaji waagronome, inahitaji mafundi wa maji. Si kila mwenye akili ni munganga. Na mwenye kubaki, abaki na pointi zake mwenyewe. Sisi tuliosaini chini tumeahidiana mbele ya Mungu kwamba hatutatoa muchango wa siri, hatutatafuta majibu ya usiku, na hatutamufunikia anayetafuta. Labda wengine kati yetu watapata 55 badala ya 70. Tumefikiri juu ya hilo. Tunaogopa, lakini tumeahidi.

Siku ya posho inayokuja, saa moja ya asubui, tunakutana mbele ya kanisa kwenda ku kituo. Mutu alete kitambaa cha kufungia kichwa na sabuni yake. Mpaka leo majina ni 14. Yale tisa mengine ya mikono 23 hatuyaulizi sababu.

Ku jina la mwaka wa sita Biokimia,
Kapita mukubwa wa wanafunzi